Barua kwa mwanangu anayetaka kuomba doktora ya Kiingereza

Lubumbashi, tarehe 14 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Kolwezi ilinifikia Jumanne jioni, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unaniuliza kama uombe moja kwa moja doktora ya Kiingereza katika vyuo vya Marekani mwaka huu, au utangulize masta mahali pa karibu. Na ukiomba, unataka kujua ni kitu gani katika faili lako kitakachowafanya watu wasiokujua wakuchague wewe. Mimi si msomi wa Kiingereza, unalijua hilo. Lakini kwa miaka 27 niliketi katika sekretarieti ya kitivo nikifunga bahasha za vijana waliokuwa wakiomba kwenda kusoma ng'ambo, na nimeyaona mafaili yaliyofaulu na yaliyoanguka. Nitakujibu kwa hayo niliyoyaona, na kwa yale niliyowauliza wiki hii walimu wawili waliopita njia hiyo wenyewe.

Jibu langu ni kwamba uombe, na uombe doktora moja kwa moja, ila usianze na orodha ya vyuo. Anza na ukurasa wa 41 wa tasnifu yako ya lisanse, ile shahada yako ya chuo kikuu.

Nimeitoa kabatini nakala ile yenye jalada la bluu uliyoniachia. Katika ukurasa huo unaieleza riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, iliyotoka mwaka 1994, ambayo mimi niliisoma baadaye kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Unafika mahali ambapo watu wa msafara uliotoka pwani wanawaita watu wa bara washenzi, na unaonyesha kwamba mwandishi ameliacha neno hilo kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza chake. Pembeni, kwa penseli, kuna maandishi yako madogo yaliyolala upande: «Bara ni sisi. Mimi ninalisoma neno hili nikiwa nani?» Inaonekana uliyaandika baada ya kazi kuchapishwa, kwa hiyo hakuna mwalimu aliyewahi kuyaona, na sura inayofuata inaendelea kana kwamba swali hilo halikuulizwa.

Mwanangu, hilo ndilo swali la kupeleka. Kiswahili kilifika upande huu na misafara ya biashara ya karne ya 19, kisha migodi ikakieneza katika karne ya 20, hadi leo ndicho tunachonunulia samaki wa ndakala katika soko la mtaa wa Kenya hapa mjini na ndicho nilichokubembelezea ulipokuwa mchanga. Lugha iliyowaita mababu zako washenzi ndiyo uliyoinyonya pamoja na maziwa. Msomaji wa London atalipita neno hilo kama pambo la kigeni, na msomaji wa Zanzibar atalisikia kwa namna yake. Wewe unalisoma ukiwa upande wa waliotajwa, na tena ukiwa mwenye lugha. Nilimweleza jambo hili mmoja wa walimu niliowataja, akanyamaza kidogo, halafu akaniomba nimletee ukurasa wenyewe auone.

Nakwambia haya kwa sababu najua namna uchaguzi unavyofanyika huko. Idara ya Kiingereza hupokea mamia ya maombi kwa mwaka, na nyingi huchukua watu wasiozidi kumi na tano, nyingine chini ya hapo. Wanaosoma mafaili ni maprofesa wenyewe, si makarani kama mimi. Alama huwasaidia kuyapunguza, lakini wakifika mwisho, ambapo wote waliobaki wana alama nzuri, kinachoamua ni kazi ya mfano, yaani yale maandishi ya kitaaluma ya kurasa 15 hadi 25 ambayo kila mwombaji hutakiwa kuyaambatisha. Hapo wanatafuta kama mtu anaweza kuuliza swali lake mwenyewe na kulifuata ndani ya maneno ya kitabu bila kuliachia njiani. Kwa hiyo usikate sura moja ya tasnifu na kuituma ilivyo. Tasnifu uliiandika kwa kuwaridhisha watu watatu waliokaa mezani siku ya kuitetea, na kurasa thelathini za kwanza zinaeleza nadharia za wengine. Chukua ukurasa wa 41, uufanye kuwa wa kwanza, kisha uandike upya yote yanayotoka humo. Ni kazi ya wiki nane au tisa kwa mtu anayefundisha asubuhi, nami naomba uitengee muda wako bora, ule wa alfajiri kabla nyumba haijaamka, na mengine yote uyafanye kwa muda utakaobaki.

Kuna jambo moja la kujihadhari nalo. Mtu akisikia kwamba Mkongo ameomba kusoma fasihi ya Kiingereza, mara moja humfikiria Conrad, aliyeandika Heart of Darkness juu ya safari ya mto Kongo, na utashawishika kuwapa wanachokitarajia. Conrad aliupanda mto mwaka 1890, kutoka Kinshasa hadi pale panapoitwa Kisangani leo, na huku Katanga hakufika kabisa. Achebe, mwandishi wa Nijeria, alimjibu mwaka 1975 katika hotuba aliyoitoa Chuo Kikuu cha Massachusetts, akimshutumu kwa ubaguzi wa rangi, na tangu hapo mabishano hayo yamejaza makabati. Sisemi kwamba yamekwisha. Nasema kwamba humo ungekuwa sauti ya elfu moja, na kwamba ungeingia kwa sababu wengine wamekusukuma, si kwa sababu kuna neno lililokunyima usingizi.

Maelezo ya nia, ambayo huwa kurasa mbili hivi, yatakuwa mepesi kazi ya mfano ikishasimama. Nimepiga chapa mengi sana ya aina hiyo yaliyoanza na «Tangu utoto wangu nimependa vitabu», nami nilikuwa nikisikitika kila mara, kwa kuwa niliwafahamu vijana wale na nilijua walikuwa na zaidi ya hayo. Wewe anza na swali. Eleza umefika nalo wapi, ungependa kulipeleka wapi, na kwa nini idara hiyo hasa. Na hapo utaje walimu wawili au watatu ambao umesoma kazi zao kwa kweli, wanaoshughulika na fasihi ya Bahari ya Hindi, au Afrika Mashariki, au tafsiri. Chuo ambacho hukupata mwalimu hata mmoja wa kumtaja kifute kwenye orodha yako, hata jina lake likiwa kubwa namna gani. Vyuo sita vilivyochaguliwa hivyo vinatosha. Ada ya maombi katika vingi huwa kati ya dola 75 na 125, na baadhi humsamehe mwombaji anayeeleza mapema kwamba hana uwezo; andika kuomba msamaha huo mwezi wa kumi, usingoje siku ya mwisho, na usione haya.

Kuhusu masta kwanza au doktora moja kwa moja, uzito uko kwenye fedha. Huko Marekani mtu mwenye shahada ya kwanza anaruhusiwa kuomba doktora bila kupita masta, na doktora ya Kiingereza huchukua miaka mitano hadi sita au zaidi: takriban miwili ya masomo ya darasani, kisha mitihani, kisha kuandika tasnifu kubwa. Idara nzuri humlipia mwanafunzi wa doktora minerivali, yaani ada ya masomo, yote na kumpa posho, naye huwafundisha wanafunzi wa miaka ya kwanza, kazi inayofanana na ya asistanti kwetu. Masta peke yake, kinyume chake, mara nyingi hujilipia mwenyewe, na gharama yake ingeuza nyumba hii ya Kamalondo bila kufika nusu ya mwaka wa pili. Nyumba siiuzi, na wewe usikubali nafasi isiyo na posho hata wakikusifu kwa barua ndefu. Nimeshuhudia familia moja iliyochanga kwa ndugu wote ili kijana aende kwa nafasi ya namna hiyo. Alirudi baada ya miezi kumi na minne, bila shahada na bila uso wa kuwatazama wajomba zake.

Doktora isipopatikana mwaka huu, basi masta ya karibu itakuwa na maana. Chuo Kikuu cha Zambia kiko Lusaka, safari ya basi baada ya kuvuka Kasumbalesa. Makerere iko Kampala, mahali ambapo waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikutana mwaka 1962 na kuanza mabishano juu ya lugha ya fasihi ya Afrika, ambayo wewe sasa unataka kuyaingia. Kuna pia ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao hulipia masta ya mwaka mmoja na hudai uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, sharti ambalo umekwisha kulitimiza darasani. Ukikubaliwa huko, utatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili, jambo ambalo mimi, kama mama yako, silioni kuwa adhabu.

Sasa makaratasi, ambayo usiyahangaikie sana kwa sababu hapo mimi ndiye fundi. Lisanse yako ni ya mfumo wa zamani, miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisanse, jumla mitano. Lakini msomaji wa ng'ambo akiliona neno lenyewe hufikiria lisanse ya Ufaransa au ile ya LMD, mfumo mpya wa lisanse, masta na doktora, ambayo ni miaka mitatu, na anakupunguzia miwili bila kujua. Alama nazo huwapotosha. Wewe ulipata asilimia 74, yaani daraja la distinksio, na darasa zima mlikuwa wanne tu mlioifikia. Mtu aliyezoea alama za Marekani akiiona 74 atadhani ulikuwa mwanafunzi wa kawaida. Jumatatu nitakwenda chuoni Kasapa kuomba orodha rasmi za alama za miaka yote mitano, pamoja na ukurasa wenye muhuri unaoeleza kwamba kwetu satisfaksio, daraja la kufaulu, huanzia 50 na distinksio huanzia 70. Tafsiri yake ya Kiingereza ifanywe na mfasiri aliyeapishwa, usiifanye wewe mwenyewe ingawa unaweza.

Barua tatu za mapendekezo ndizo zinazoniogopesha zaidi. Wako walimu wanaomwambia mwanafunzi aandike mwenyewe, wao watie sahihi. Nimezipitisha mikononi mwangu barua za namna hiyo, na zote zinafanana, maneno ya sifa matupu yanayoweza kumfaa mtu yeyote. Muulize kila mwalimu kwa heshima kama anaweza kuandika kwa kirefu juu ya kazi yako. Akisita, mshukuru na umtafute mwingine. Atakayekubali umpelekee kazi ya mfano, tasnifu, na karatasi moja inayomkumbusha ulimfanyia kazi gani na mwaka gani, na umwombe aitaje ile asilimia 74 na maana yake darasani. Barua hizo siku hizi hupandishwa kwenye intaneti kupitia kiungo ambacho chuo humtumia mwalimu mwenyewe, nacho kiungo hicho mara nyingi hupotea kati ya ujumbe asiousoma. Mwalimu wako mzee hafungui barua pepe. Niachie yeye, nitakwenda nyumbani kwake na simu yangu na kuketi naye mpaka imalizike.

Kuhusu mitihani, ule wa fasihi ya Kiingereza uliokuwa ukimtisha dada yako mkubwa ulifutwa mwaka 2021, na idara nyingi hazidai tena GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu Marekani. Utahitaji tu kuthibitisha Kiingereza chako; kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, wengi huomba 7 kati ya 9, na matokeo yake hudumu miaka miwili. Maombi mengi hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na mwanzo wa Januari, majibu huja Februari na Machi, na vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mtu aliyepewa ufadhili kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Usikubali ukiwa na hofu. Ukipata nafasi mbili, tutaketi tuzipime.

Mjomba wako amesikia habari hizi na amesema kwamba Kiingereza ni chombo cha kazi, kwamba pale Kolwezi kampuni za migodi zinawalipa wakalimani mara tatu ya mshahara wako wa ualimu, na kwamba miaka sita ya riwaya ni miaka sita ya njaa. Hakusema kwa ubaya, na sitakuficha kwamba sehemu ya maneno yake ni kweli. Nafasi za kudumu za kufundisha Kiingereza katika vyuo vya Marekani zimepungua sana tangu mwaka 2008, na wengi wanaomaliza doktora hawazipati. Nenda ukijua hivyo. Mimi nilimjibu kwamba ukalimani utakuwepo hata ukiwa na miaka arobaini, lakini swali lile la penseli limekaa kabatini kwangu miaka sita bila mtu kulijibu.

Nakala ya bluu nitampa dereva wa basi la Ijumaa, imefungwa ndani ya kitenge ili isilowe. Nitumie kurasa kumi za kwanza kabla ya mvua kuanza kunyesha vizuri. Nitazisoma polepole na kamusi pembeni, na mahali nitakaposhindwa kuelewa nitaweka alama.

Mama yako