19 Ina Kosa Gani?

SWALI: Mwalimu, nikigeuza 13 napata 31, na zote ni namba tasa. 17 na 71 vivyo hivyo, 37 na 73 pia. Lakini 19 imenigomea. Ina kosa gani? Halafu nimetafuta jioni mbili nzima namba tasa ya tarakimu nne inayosomeka sawa mbele na nyuma, nikaishia kujaza karatasi tu. Nakosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Karatasi zimekwisha kwa sababu namba unayoitafuta haipo. Ila kwanza tuimalize 19.

Ukiigeuza unapata 91, na hiyo 91 ni laghai wa siku nyingi. Si shufwa, haiishii na 5, 3 haiigawi, basi mtu anaipitisha. Mimi niliwahi kuipitisha ubaoni, mbele ya darasa zima, mpaka sauti ya nyuma kabisa ikasema, "Mwalimu, si ni 7 mara 13?" Tangu siku hiyo siiamini.

Namba tasa za tarakimu mbili zinazoanza na 2, 4, 5, 6 au 8 hazina nafasi katika mchezo huu, maana zikigeuzwa zinakuwa shufwa au zinaishia na 5. Zinabaki kumi: 11, 13, 17, 19, 31, 37, 71, 73, 79 na 97. Katika kumi hizo, inayokataa ni 19 peke yake! Nayo 11 ikigeuzwa ni ileile, kwa hiyo wenye mchezo hawaihesabu. Waingereza wanaziita namba hizi kwa neno lao la "tasa" lililoandikwa kinyumenyume. Sisi tukiwaiga tunapata "asat". Tuache tu.

Sasa jioni zako mbili. Chukua 7337. Ile 7 ya mwanzo na ile ya mwisho kwa pamoja ni 7007, yaani 7 mara 1001. Zile 3 mbili za katikati ni 330, yaani 3 mara 110. Lakini 1001 ni 11 mara 91 (umeiona tena, laghai yule!), na 110 ni 11 mara 10. Vipande vyote viwili vinagawanyika kwa 11 bila baki, basi na jumla yake pia: 7337 ni 11 mara 667. Badala ya 7 na 3 weka tarakimu uzipendazo, 11 itapita tu. Tarakimu sita, nane, kumi, ni yaleyale. Idadi ya tarakimu ikiwa shufwa, anayepona ni 11 mwenyewe.

Za tarakimu tatu ziko tele: 101, 131, 151, 181, 191, na hapo sijafika hata 200. Ukitaka kubwa zaidi, ruka nne uende tano. Ya kwanza ni 10301. Zinazofuata nakuachia wewe na karatasi zako.