Kumnakilia mteja programu: soma leseni kwanza

Ndugu yangu, unauliza kama ni wizi kumwekea mteja programu ya ofisi kutoka CD uliyoinunua kwa pesa yako. Ulichonunua ni ruhusa ya kuitumia tu, na leseni nyingi za namna hiyo hutaja kompyuta moja. Programu zilizovunjwa kufuli, yaani zilizochezewa ili zifanye kazi bila leseni, achana nazo kabisa. Mimi zilinipotezea ankara za miezi mitatu, kirusi kilikuja humo humo.

Muwekee LibreOffice, programu ya ofisi ya bure. Leseni yake inakuruhusu kunakili, kugawa, hata kutoza ufundi wako. Haki hiyo ndiyo mwanaprogramu Richard Stallman aliyoipigania alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kutengeneza programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzinakili na kuzigawa, nami namuunga mkono kwa moyo wote. Mwonyeshe mteja kuhifadhi kwa docx, aina ya faili ya Microsoft Word, ili barua zake zifunguke kwenye kompyuta nyingine.