Kava la riklaina: kipime kiti kikiwa kimelala

Mkuu uliyeuliza kuhusu kava la riklaina yako (kile kiti kinacholala nyuma na kunyanyua miguu), ile ya kitambaa rangi ya krimu, una mtoto wa miaka miwili na paka na hujui uchukue la kipande kimoja au la vipande vinne, ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo maana hili somo nimelilipia ada mara tatu. Kiti changu nakipenda kupita kiasi, nyumbani wanakiita ofisi ya baba, kina miaka tisa sasa na springi bado ziko imara, ila kwenye makava nimechemka vibaya sana kabla sijapata la maana.

Kosa tunalofanya karibu wote ni kuchagua kava la riklaina kama tunachagua la kochi la kawaida. Kochi limekaa tu pale, halina habari na mtu. Riklaina inatembea. Ukivuta hendo, ule mshikio wa pembeni, mgongo unarudi nyuma, kikalio kinasogea, sehemu ya miguu inachomoka toka chini inanyanyuka juu, na vyote vinatokea kwa mpigo mmoja. Sasa rudi kaangalie picha za matangazo uone, nyingi kiti kimefungwa wima kimetulia kama kinapigwa picha ya paspoti. Ukiona muuzaji hana hata picha moja ya kiti kimelala na kava liko juu yake, mi napita tu siulizi hata rangi.

Kava langu la kwanza lilikuwa la kipande kimoja, linabana, yani nilivyolivalisha kiti kikawa kama kipya kimetoka dukani jana, nikapiga na picha nikawarushia washkaji. Jioni nikakaa, nikavuta hendo, kitambaa kikakaza pale kati ya kikalio na sehemu ya miguu kama ngozi ya ngoma, kiti kikagoma nusu njia, na mimi kichwa ngumu nikasukuma na visigino. Trrraa. Mshono wa pembeni wote ukaachia. Na hiyo ilikuwa afadhali, maana kwenye kufunga ndo kimbembe, kile kitambaa kilicholegea kikazama kwenye upenyo, na chini pale kuna vyuma vinakunjana kama mkasi, vikakiuma vikakishika. Kiti hakifungi, hakifunguki. Nililala chali sakafuni na tochi mdomoni nakata kava langu jipya kwa mkasi vipande vipande na mgeni amekaa anacheka.

Nilipopoa ndo nikachukua tepu nikapima nijue tatizo liko wapi. Toka juu ya mgongo, ushuke kwenye kikalio, upitilize mbele mpaka mwisho wa sehemu ya miguu, kiti kikiwa kimefungwa napata namba moja, kikilala kabisa namba inaongezeka karibu sentimita 20. Huo ndo upenyo unaojitokeza kati ya kikalio na miguu. Kwahiyo kava la kipande kimoja lina njia mbili tu, ama liwe fupi likaze lichanike, ama liwe refu libaki na nyama ya ziada inayoingia kwenye vyuma kila ukifunga. Kuna viti vingine sehemu ya miguu imeungana na kikalio kwa godoro moja, hakuna upenyo unaoonekana, hivyo vinavumilia kidogo la kipande kimoja. Chako angalia. Fungua kabisa, kama unaona giza na vyuma kati ya kikalio na miguu basi la kipande kimoja achana nalo, chukua la vipande vinne, yani mgongo peke yake, kikalio pamoja na miguu, halafu mikono miwili kila mmoja na lake. Kila sehemu inatembea na nguo yake.

Kwenye saizi sasa, ile "saizi moja inaingia kote" usiiamini kivile. Pima upana wa mgongo pale palipo papana kuliko kote, urefu wa mgongo toka juu mpaka unapokutana na kikalio, upana wa kikalio ndani ya mikono, unene wa mkono pamoja na mzunguko wake, halafu ule urefu wa kikalio mpaka mwisho wa miguu kiti kikiwa KIMELALA. Hiki cha mwisho watu wanakiruka na ndo chenye kesi. Viti vyenye mgongo wa mito mitatu iliyovimba vimbavimba, pima kwa kupita juu ya uvimbe wenyewe, usipitishe tepu hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Kava likiwa la kuvutika linasamehe sentimita chache, likiwa halivutiki halisamehi hata moja.

Hendo iko upande gani? Nyingi iko kulia ukiwa umekaa, ila zipo za kushoto, zipo za kamba ndogo ya kuvuta ndani, zipo za vitufe, zipo ambazo unasukuma tu na mgongo. Kava lenye mfuko wa rimoti pembeni huwa linakuja kufunika hendo, kwahiyo kila ukitaka kulala unapapasa kama unatafuta swichi usiku. Kama chako ni cha umeme hakikisha vitufe vinabaki wazi na kava halina pindo refu la kuning'inia mpaka chini, maana chini kuna waya na mota, pindo likijiviringisha humo utamtafuta fundi.

Kava la pili nilikimbilia lile la kushonwa kama kigodoro chembamba, unalitandika juu kama shuka halafu lina mkanda wa lastiki unapita nyuma ya mgongo, na chini lina vidoti vya mpira eti lisiteleze. Kwa kulivalisha ni dakika moja, hilo nakubali. Kiti changu ni cha leza (ngozi), basi likawa linateleza kila nikilala, mgongo ukirudi mkanda unavuta, nikiinuka kava lote limejikusanya kiunoni. Baada ya miezi kadhaa nikalitoa nikasafishe, nakuta leza imebaki na alama za vile vidoti kama imeugua surua na hazikutoka mpaka leo. Mpira na leza havipatani vikikaa pamoja muda mrefu kwenye joto la mwili. Wewe chako ni kitambaa kwahiyo hili halikuhusu sana, ila wenye leza wasomao hapa wachukue la upande wa chini wa kitambaa laini. Na hapo hapo niseme, leza bandia ikishaanza kubanduka magamba kava haliizuii, linaficha tu, ukilifungua utakuta magamba yamejaa ndani.

Turudi kwa mtoto wako. Maneno mawili yanachanganywa sana kwenye matangazo, kusukuma maji na kuzuia maji. La kusukuma maji tone linakaa juu kama kwenye jani la mgomba, ukilifuta haraka salama, ukichelewa linazama. La kuzuia maji lina utando wa plastiki laini nyuma ya kitambaa. Mtoto wa miaka miwili akimwaga kitu hakuambii, utakigundua baada ya saa nzima, kwahiyo la kusukuma tu kwako halitoshi. Jaribu mwenyewe likifika, weka tishu chini, mimina kijiko cha maji juu, kalia sehemu hiyo au bonyeza na kiganja, subiri dakika kumi uangalie tishu. Na uwe makini na yale ya kushonwa maua maua kama mto, sindano imetoboa utando kila sehemu, maji yanapita kwenye matundu ya uzi hata kama tangazo limeandika nini. Jaribu palepale kwenye mshono.

Ila pia usivalishe kiti kizima utando wa plastiki, utatoka jasho mgongo mzima ukichukie kiti chenyewe. Mimi ninachofanya, kava la kawaida la kuvutika kiti kizima, halafu chini yake kwenye kikalio tu naweka kipande cha kuzuia maji kama yale ya vitanda vya watoto, nimekikata kidogo kuliko kikalio na nimekishonea velkro (zile tepu za kunatana) kisitembee. Vitu vinamwagika kikalioni bwana, mgongoni nani anamwaga. Kabla ya yote pinduapindua kiti utafute lebo ya usafi, huwa chini ya kikalio au chini ya kiti, viti vingi vinaandikwa herufi. W maana yake kinasafishika kwa maji, S hakitaki maji kinataka dawa za usafi zisizo na maji, zile za draikilini, WS vyote sawa, X ni vakyumu tu, ile mashine ya kufyonza vumbi. Kama chako ni S au X na ni krimu, aisee hicho kipande cha kuzuia maji weka leo hii, maana hata maji safi yatakiachia duara.

Paka. Hapa wengi wanapoteza hela. Kava linalinda pale ulipokaa wewe, paka anakuna pale asipokaa mtu, yani kona za nyuma za mgongo na pembeni ya mikono kwa nje. Zunguka kiti chako uone nyuzi zimetoka wapi ndo uchague kava linalofika hapo. Kile cha kutandika juu hakifiki. Kwenye kitambaa, kimbia chochote chenye vitanzi kama taulo au kilichofumwa kwa uwazi, kucha inaingia, inanasa, anavuta, kwake ni mchezo. Velveti fupi au ile ya nyuzi ndogo ndogo iliyobana, kucha haipati pa kushika na paka wengi wanaichoka wenyewe. Mpe na nguzo yake ya kukuna iwe imegusana kabisa na kiti, ukiiweka chumba kingine umemwekea pambo.

La tatu ndo ninalo mpaka leo, vipande vinne, polista iliyochanganywa na spandeksi, ule uzi unaovutika kama lastiki. Angalia lebo ya mchanganyiko, spandeksi kati ya asilimia 8 na 15 hivi inarudi vizuri ikivutwa, ikiwa 2 au 3 kava litalegea kwenye makalio libaki na mfuko. Pamba tupu ni tamu kukalia ila haivutiki na inasinyaa ikifuliwa, kwahiyo kama unampa fundi cherehani akushonee, mwambie afue kitambaa kabla ya kukata, na aje akipime kiti kimelala mbele ya macho yake, usimpe vipimo kwa simu. Fundi mzuri kwa kweli anakushinda kava la kununua kama kiti chako kina umbo la ajabu, lakini mwambie ukweli kwamba kuna vyuma chini asiweke marinda.

Rangi mi sina maneno mengi, usichukue nyeusi wala nyekundu iliyoiva ukaiweka moja kwa moja juu ya krimu, joto na jasho vinahamisha rangi. Ifue peke yake kwanza mpaka maji yatoke meupe. Ya kijivu chenye chembechembe inaficha manyoya na vidole vya mtoto vizuri kuliko rangi moja tupu.

Siri ya kuvalisha ambayo hakuna aliyeniambia, riklaina nyingi mgongo unachomoka. Nenda nyuma ya kiti, funua kile kitambaa cha chini kwa nyuma, utaona viklipu viwili vya chuma kushoto na kulia, vinyanyue halafu vuta mgongo juu, unatoka mzima mzima. Unauvalisha kava chini kama unavalisha mto foronya, unaurudisha. Wakati wa kurudisha hakikisha kitambaa hakijaingia kwenye reli za chuma, la sivyo mgongo utakaa upande na utadhani kiti kimeharibika. Kile cha kikalio kina vijiti vya sponji vya kuchomeka kwenye mfereji kati ya mkono na kikalio, chomeka pembeni na nyuma tu, mbele kwenye upenyo USICHOMEKE kitu.

Kufua ni maji ya baridi au nyuzi 30, hakuna dawa ya kung'arisha, na usianike kwenye joto kali wala kupiga pasi ya moto, joto ndo linaua spandeksi mpaka inabaki kama soksi ya zamani. Mimi nafua kile cha kikalio tu mara kwa mara, vingine vinasubiri. Kama muuzaji anauza kipande cha kikalio peke yake chukua cha akiba kabisa, kingine kikiwa kambani kiti hakikai uchi.

Ukimaliza kuvalisha fungua na kufunga kiti mara kumi taratibu bila kukikalia, uso uko chini unaangalia vyuma na tochi, ukiona kitambaa kinasogelea vile vyuma vya mkasi kikunje ukibane kwa pini ya usalama kwa ndani au mpe fundi apunguze. Na kwa kuwa una paka na mtoto, kila unapotaka kufunga sehemu ya miguu chungulia chini kwanza, paka wangu kile kivuli cha chini alikigeuza chumba chake cha kulala siku ya pili tu.

Weka hapa vile vipimo vitano na picha mbili, kikiwa kimefungwa na kikiwa kimelala, halafu useme hendo iko upande gani, nikuangalizie kabla hujalipia.