Duke kule Virginia 2023: kwa nini ile faulo ilifutwa na matokeo yakabaki?

Mambo vipi mkuu, umeuliza kama Duke, timu ya kikapu ya chuo kikuu Marekani, waliibiwa ugenini kwa Virginia, mjini Charlottesville, Februari 2023, na ACC, ligi ya vyuo wanayocheza wote wawili, ilivyokuja kukiri kosa mbona matokeo hayakubadilishwa.

Rudia ile klipu taratibu. Usianze na mguso, yaani beki wa Virginia kumgonga mpigaji wa Duke, watu wengi wanabishania hapo bure, angalia kwanza mpira umetoka mkononi kabla ya taa nyekundu za kwenye ubao kuwaka au la, halafu angalia miguu ya huyo mpigaji, Kyle Filipowski. Ni 58-58, muda wa kawaida unaisha, yuko hewani, filimbi inapigwa, marefa wanaenda kwenye skrini wanarudi wanafuta faulo eti mguso umekuja muda ukiwa umeisha. Sasa sheria za vyuo mchezaji aliyeachia mpira kabla ya muda kuisha bado ni mpigaji mpaka atue chini, ukimgonga huko juu ni faulo hata kama saa inasoma sifuri, na hicho ndicho ACC walikuja kukisema, alistahili mitupo huru miwili.

Kuhusu matokeo kubaki, marefa wakishatoka uwanjani mamlaka yao yameisha, ligi inatoa taarifa tu. Inauma, najua.

Ila kuibiwa ushindi hapo sikubaliani, angeweza kukosa yote miwili, nani ajuaye. Na dakika tano za ziada Duke wamepata pointi 4 wenzao 11, ikaisha 69-62, hizo nazo tumlaumu refa?