Maswali ya Wasomaji: Kura Ni Yangu, Kiti Ni cha Nani?

Barua nyingi tulizopokea zinahusu mahali ambapo chama cha siasa, Bunge na mahakama vinakutana. Toleo hili linajibu tano kati ya hizo, zote kwa kuifuata Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 na mabadiliko yake.

Mbunge wetu tulimchagua sisi wananchi, wakiwemo watu ambao hawajawahi kuwa wanachama wa chama chake. Iweje chama kikimfukuza apoteze ubunge na sisi tusiulizwe? (Msomaji, Mbeya)

Ibara ya 71 inasema kwamba mbunge atakoma kuwa mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwemo alipochaguliwa au alipoteuliwa. Haitofautishi aliyehama kwa hiari na aliyevuliwa uanachama. Kwa aliyehama, naliona sharti hilo kuwa la haki, kwa sababu wapo waliompigia kura kwa ajili ya chama kilichomsimamisha. Kwa aliyefukuzwa, hata hivyo, linawapa wajumbe wachache wa kikao uwezo wa kufuta kura za maelfu ya watu, na hoja ya msomaji wetu juu ya hilo ni nzito, na sheria bado haijaijibu.

Mahakama huingia katika ugomvi huo kwa njia nyembamba. Jaji haulizi kama mwanachama alistahili kufukuzwa, bali huuliza kama alipewa nafasi ya kusikilizwa na kama waliomhukumu walifuata katiba ya chama na kanuni za haki. Halima Mdee na wenzake 18 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu Novemba 2020, CHADEMA ikawavua uanachama mwezi huohuo, na Baraza Kuu la chama likazikataa rufaa zao Mei 2022. Walikwenda Mahakama Kuu, wakaendelea kukaa bungeni shauri likisikilizwa, na Desemba 2023 uamuzi wa Baraza Kuu ukatenguliwa kwa kuwa waliohusika kuwafukuza ndio hao hao walioshiriki kuamua rufaa. Mwaka 2017, kwa upande mwingine, CUF ikiwa katika mgogoro wa uongozi iliwafukuza wabunge wanane wa viti maalumu, Spika akatangaza kwamba nafasi zao ziko wazi, na wengine wanane wakateuliwa upesi. Ibara ni moja na matokeo yamekuwa kinyume kabisa. Jambo hilo linapaswa kumsumbua kila mpiga kura, awe wa chama chochote.

Sina chama na sitaki chama, lakini wananchi wa jimbo langu wananitaka nigombee. Je, kweli hakuna njia? (Msomaji, Kigoma)

Kwa sheria ilivyo, hakuna. Ibara ya 39 kwa urais na Ibara ya 67 kwa ubunge zinataka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Inafaa kueleza tulivyofika hapa, kwa maana hii ni habari ya miaka mingi ambayo vijana wengi hawakusimuliwa.

Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu ya Dodoma mwaka 1993, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Kabla hukumu hiyo haijatumika katika uchaguzi wowote, Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, yaani Sheria Na. 34 ya mwaka 1994, ambayo yaliifunga Ibara ya 21, inayompa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, kwa masharti ya uanachama yaliyomo katika ibara nyingine. Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Dar es Salaam walimpa tena ushindi. Serikali ilikata rufaa, na Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani liliitengua hukumu hiyo likisema kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu na inapaswa kuchukua hatua za kikatiba na za kisheria kurekebisha hali hiyo. Mtikila alifariki dunia mwaka 2015 kwa ajali ya gari, akiwa hajawahi kuona mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura.

Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba iliruhusu mgombea binafsi, lakini kura ya maoni juu ya Katiba mpya, iliyopangwa kufanyika Aprili 2015, iliahirishwa. Naiheshimu hoja ya Mahakama ya Rufani kwamba majaji hawatungi Katiba. Hata hivyo, siwezi kunyamazia ukweli kwamba kila mbunge wa kuchaguliwa, anayetegemewa kuifungua njia hiyo, ameingia bungeni kwa udhamini wa chama, na hana sababu ya haraka ya kujiongezea washindani.

Mume wangu ni askari magereza. Je, anaruhusiwa kuwa na kadi ya chama kama mimi? (Msomaji, Morogoro)

Haruhusiwi. Ibara ya 147 inakataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na kwa madhumuni ya ibara hiyo askari wa Magereza, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa wanahesabiwa pamoja na wale wa Jeshi la Ulinzi. Haki yake ya kupiga kura inabaki. Majaji na mahakimu nao wanakatazwa kujiunga na vyama na Ibara ya 113A. Wewe kadi yako ni halali, na kazi ya mumeo haikuondolei haki hiyo.

Wenzetu wa Kenya walifuta uchaguzi wa Rais mahakamani. Kwa nini sisi hatuwezi? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu Ibara ya 41(7) inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 140, inatoa siku 7 za kufungua shauri katika Mahakama ya Juu, nayo mahakama hupewa siku 14 za kuamua. Ndivyo ilivyowezekana tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, uchaguzi wa Agosti kufutwa na kurudiwa Oktoba. Mahakama hiyohiyo ilikataa madai ya walalamikaji mwaka 2013 na mwaka 2022, na nchi ikaendelea. Anayedai kwamba kufungua mlango huo ni kukaribisha vurugu ana wajibu wa kuieleza historia hiyo.

Wakili Jebra Kambole aliipeleka Ibara ya 41(7) mbele ya Mahakama ya Afrika, na Julai 2020 mahakama hiyo ikasema kwamba inavunja Mkataba. Wakati huo Tanzania ilikuwa tayari imetoa taarifa, Novemba 2019, ya kuondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, ambayo iko katika ardhi yetu wenyewe. Mwananchi wa leo mwenye malalamiko kama ya Kambole hawezi kupita njia aliyoipita. Naliona hilo kuwa hasara kubwa, hata kwa serikali, maana hukumu ya mahakama ni njia ya amani ya kumaliza ubishi.

Je, mimi mpiga kura wa kawaida naweza kupinga matokeo ya ubunge? (Msomaji, Arusha)

Unaweza. Ibara ya 83 inaipa Mahakama Kuu mamlaka ya kusikiliza mashauri ya uchaguzi wa wabunge, na rufaa huenda Mahakama ya Rufani. Ila tahadhari mambo mawili.

La kwanza ni fedha. Zamani sheria ilimtaka mlalamikaji aweke shilingi milioni 5 za dhamana ya gharama ndipo shauri lipangiwe tarehe, hadi Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 2002, katika shauri la Julius Ndyanabo, kwamba sharti hilo linavunja Katiba kwa kumfungia nje asiye na uwezo. Sheria iliyofuata iliruhusu mtu kuiomba mahakama impunguzie mzigo, basi usikate tamaa kabla ya kuomba.

La pili ni haki yako mwenyewe. Godbless Lema alivuliwa ubunge wa Arusha Mjini na Mahakama Kuu Aprili 2012 kwa shauri la wapiga kura waliolalamikia maneno ya kampeni yaliyomlenga mpinzani wake. Desemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ilimrudishia kiti, ikisema kwamba walalamikaji hawakuonyesha haki yao wenyewe iliyoguswa. Kwa hiyo, kama ulikataliwa kupiga kura, au kama uliona hesabu za kituo chako zikibadilika, andika jina la kituo, saa na walioshuhudia, piga picha fomu ya matokeo iliyobandikwa nje, na umwone wakili mapema, kwa sababu muda wa kufungua shauri unahesabiwa kwa siku.