Muulize Mwalimu: herufi, kichwa na wajukuu wenye kucheka

Mwezi huu meseji karibu zote ni za kusoma, sijui mmeambizana? Haya twende.

*Mwalimu, kijana wangu ana miaka sita, b anaandika d, hata 3 anaigeuza. Nyanyake ashasema ni hasadi. Mama wa Langoni*

Hasadi gani bibie, mwache mtoto. We fikiria punda, akienda Mkunguni au akirudi ni punda yule yule, na ubongo umezoea hivyo, kitu kikigeuzwa bado ni kilekile. Sasa herufi ndo zinakuja kuharibu hiyo hesabu manake b ukiigeuza ishakuwa d, kwahiyo mtoto inabidi kwanza aache ujuzi aliokuwa nao. Maandishi yenyewe yana miaka elfu tano na kitu tu, kichwani hayakutengewa chumba, yanaazima kijisehemu cha nyuma chini upande wa kushoto kilichokuwa kinatambua vitu na sura (haya ameyaeleza sana Mfaransa mmoja mtafiti wa ubongo, Stanislas Dehaene). Mpe mwaka, miwili.

*Asubuhi shule, jioni chuoni anasoma Kurani kutoka kulia. Hatachanganyikiwa?*

Kwani wewe ulichanganyikiwa? Wazee wetu hapa Lamu tenzi za Kiswahili wameziandika kwa herufi za Kiarabu na akili zao zilikuwa timamu kutushinda. Kijisehemu ni kilekile, macho ndo yanajipanga: anayesoma Kiingereza, jicho likitua mara moja hushika herufi kama 15 upande wa kulia, kushoto tatu nne basi. Waliojua Kiingereza na Kiebrania, nacho husomwa kutoka kulia kama Kiarabu, walipimwa, wakishika Kiebrania upande unageuka wenyewe.

*Mimi ni baharia, miaka 58, shule sikuiona. Wajukuu wanicheka. Ubongo si ushakauka?*

Haujakauka mzee wangu. 2010 yalitoka matokeo ya watu wazima 63 wa Brazil na Ureno, wengine hawajui kusoma kabisa, wengine wamejifunza ukubwani, na hawa wa ukubwani kile kijisehemu kiliitikia maandishi pia. Sikudanganyi, utasoma polepole kuliko hao wajukuu na utachoka, lakini Kiswahili kina huruma, kinasomwa kama kilivyoandikwa. Anza na jina la jahazi lako, lile unalijua kwa moyo, lifuate kwa kidole ba, be, bi, kesho la jirani. Na anayecheka ndo akufundishe.

*Ati ukijua kusoma unasahau nyuso?*

Hapana, nyuso zinasogezwa kidogo tu upande wa kulia kupisha herufi. Ukimsahau anayekudai hilo ni lako.