Kwa Wanaoanza Kulisoma Jiwe la Shabaka

Wenzangu mnaoanza masomo ya historia ya Misri ya kale, liko kosa nililolifanya mwaka wangu wa kwanza ambalo ningependa mliepuke mapema. Niliandika katika insha kwamba maneno ya Jiwe la Shabaka, bamba la jiwe lenye maandishi ya Misri ya kale, yalitungwa zama za mafarao wa mwanzo kabisa, kwa kuwa jiwe lenyewe linasema limenakiliwa kutoka kitabu cha wahenga. Mwalimu aliirudisha insha ikiwa na maneno mawili pembeni, kwa wino mwekundu: "Nani kasema?"

Aliyesema ni Shabaka mwenyewe, mfalme wa asili ya Kush, katika Sudani ya leo, aliyeitawala Misri mwishoni mwa karne ya 8 KK na mwanzoni mwa karne ya 7. Juu ya jiwe, baada ya majina na vyeo vyake, imeandikwa kwamba alikikuta kitabu hicho kimebunguliwa na wadudu, hakieleweki tangu mwanzo hadi mwisho, akakiandika upya katika hekalu la Ptah mjini Memphis. Wasomi wakubwa waliyapokea maelezo hayo: Kurt Sethe aliyarudisha maandishi karibu na nasaba ya kwanza, yaani ukoo wa kwanza wa mafarao, Hermann Junker akayaweka katika nasaba ya tano. Lugha yake ni ya kikale kweli, lakini yeyote aliyezoea tenzi anajua kwamba mshairi wa leo aliyebobea anaweza kutunga kwa msamiati wa Kiamu cha zamani, na mwaka 1973 msomi Friedrich Junge alitoa hoja kwamba hayo ni maandishi ya zama za Shabaka yaliyovishwa ukale. Mimi naegemea upande wake.

Basi ulizeni madai hayo yalimfaa nani. Maandishi yanasimulia jinsi Geb, mungu wa ardhi, alivyowagawia nchi Horus na Seth, miungu waliogombea ufalme, kisha akabadili uamuzi na kumpa Horus yote. Yanaitaja Memphis kuwa mizani ya Nchi Mbili, yaani Misri ya Juu na ya Chini, na yanamtukuza Ptah, mungu wa mji huo, aliyeumba kwa moyo na ulimi, yaani kwa kuwaza na kutamka. Kwa mfalme aliyetoka kusini na kuhitaji kukubalika Memphis, hati ya kale ya namna hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Hata jina lake la kiti cha enzi, Neferkare, lilikuwa limetumiwa na farao Pepi wa Pili zaidi ya miaka 1,400 kabla yake.

Kabla ya kufungua tafsiri, itazameni picha ya jiwe, ambalo limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza tangu 1805. Katikati lina tundu la pembe nne, na kutoka hapo mifereji imetawanyika kuelekea kingo, kwa sababu baadaye liligeuzwa, kama inavyoelezwa kwa kawaida, kuwa jiwe la kusagia, ingawa wapo wanaoliona kuwa kitako cha nguzo. Safu zake nazo husomwa kinyume na mpangilio wa kawaida, jambo lililowapoteza wasomaji hadi msomi James Henry Breasted alipolibaini na kulichapisha mwaka 1901. Maneno mengi ya katikati yamesagika yasirudi tena; kwa hiyo mkikutana na tafsiri inayotiririka bila pengo, tafuteni kwanza mahali mfasiri alipojaza kwa kukisia.